Eti Freddie Mercury alitupa kalamu ndo akatoboa? Na hilo koo lako lina wiki ngapi?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, mzaliwa wa Unguja, niko Dar chuo mwaka wa pili nasomea sanaa ya grafiki. Pia naimba kwenye bendi ya rock, tuko wanne, tunapiga zaidi nyimbo za Queen, ile bendi ya Uingereza, maana mwimbaji wao Freddie Mercury ni wa nyumbani. Sasa wenzangu wanasema niache chuo nikomae na muziki, eti hata Freddie alitupa kalamu ndo akatoboa. Halafu meno yangu ya mbele yametokeza kama yake, daktari wa meno kashauri niwekwe waya ila mpiga besi wetu anasema nikiyarudisha ndani sauti itakufa, kwamba Freddie alikuwa na upana wa sauti wa oktava nne kwa sababu ya yale meno. Sauti yenyewe sasa ina mkwaruzo wiki ya tano, juu siendi, asubuhi inatoka kidogo jioni imekata, nakunywa tangawizi, asali, mpaka yai bichi, lakini wapi. Mama naye jina la huyo jamaa hataki hata kulisikia. Na nembo ya bendi niliyochora wenzangu wameikataa, eti ina mambo mengi. Nishike lipi niache lipi?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona maswali manne umeyafunga kwenye kanga moja, halafu lile zito kuliko yote umelificha katikati kama halina haraka. Wiki tano. Kwa hiyo kabla sijaanza kusimulia (na nitasimulia sana, hii mada naipenda), tafuta daktari wa masikio, pua na koo wiki hii hii, na mpaka akuone usiimbe, hata mazoezini, hata kwa utani. Sababu nitakueleza huko chini. Sasa kaa tuongee.

Hii ya kutupa kalamu naisikia sana na wanaoisema wanaisema kwa uhakika kweli, ila sivyo ilivyokuwa. Farrokh Bulsara kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Gujarat, baba alikuwa mtunza fedha kwenye serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka kama minane akapelekwa bweni India, St. Peter's, mji wa Panchgani, huko ndo alisoma piano, wakaanzisha na wenzake kabendi ka shule kaliitwa The Hectics, na huko huko wakaanza kumwita Freddie. Akarudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na mwaka huo huo familia ikaenda Uingereza, wakafikia Feltham karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17.

Sasa hapo kwenye Feltham ndo watu huwa wanaruka moja kwa moja mpaka kwenye masharubu na uwanja wa Wembley. Katikati kuna miaka mitano na ushee ambayo wewe ndo ingekuhusu kuliko yote. Alisoma sanaa kwanza Isleworth, halafu 1966 akaingia Ealing, chuo cha sanaa magharibi mwa London, akaanzia mambo ya mitindo ya mavazi akahamia grafiki, na mwaka 1969 akatoka na diploma ya sanaa ya grafiki na usanifu. Kozi kama yako kabisa mwanangu, na aliimaliza. Queen imekuja 1970, yaani baada ya cheti. Kwa hiyo huyo anayekwambia "fanya kama Freddie, acha chuo" mwambie kwa upole kwamba kufanya kama Freddie ni kubaki.

Na wala hakuwa peke yake. Uingereza ya miaka ile vyuo vya sanaa vilitoa wanamuziki kama shamba la mihogo. John Lennon wa Beatles alipita chuo cha sanaa Liverpool, Keith Richards wa Rolling Stones alipita Sidcup, na hapo hapo Ealing kabla ya Freddie walishapita wapiga gitaa Pete Townshend wa bendi ya The Who na Ronnie Wood. Sababu haikuwa bahati. Kijana asiye na hamu ya benki wala kiwanda alipata posho ya serikali kusoma, akapata muda, akapata wenzake wa kichaa kama chake, na kikubwa zaidi alikuta walimu ambao hawakumfundisha kuchora chungu kifanane na chungu bali kuuliza hiki kitu kinamfanya nini mtu anayekitazama. Townshend pale Ealing alikutana na mawazo ya Gustav Metzger, yule msanii wa kazi zinazojiharibu zenyewe, na baadaye dunia nzima ikamwona anavunja magitaa jukwaani. Watu wakadhani hasira. Lilikuwa somo la darasani lile.

Baada ya diploma Freddie na Roger Taylor, mpiga ngoma, walikuwa na kibanda Kensington Market. Walianza kwa kuuza michoro, ya Freddie mwenyewe na ya wenzake wa chuo, michoro haikuwaingizia kitu, wakahamia nguo za mitumba za kizamani. Nakwambia hili kwa sababu sitaki nikudanganye kwamba kalamu ilimlisha. Haikumlisha. Aliwahi kubeba mizigo Heathrow pia. Hata muziki wenyewe, albamu ya kwanza ya Queen imetoka 1973 na haikuwapa hela za maana kwa muda mrefu, mwaka 1975 tayari wana majina makubwa na bado wanalalamikia menejimenti kuhusu mfuko.

Ila sasa angalia alichofanya na ile kalamu. Fungua simu yako utafute nembo ya Queen, ile kamili yenye wanyama, uikuze kwenye kioo. Katikati kuna herufi Q na ndani yake taji. Kulia na kushoto simba wawili wameikumbatia Q kama watu wanaobeba tangi la maji. Juu ya Q amekaa kaa. Chini huku na huku kuna vimalaika wawili wa kike wenye mabawa. Halafu juu ya wote ndege mkubwa, feniksi, ametandaza mabawa mpaka yanagusa kingo za mchoro. Ukiangalia haraka unaona ngao ya kifalme ya Uingereza, ndo alivyotaka. Ukikaa nayo unaona watu wanne: simba ni nyota ya John Deacon na ya Roger Taylor, kaa ni ya Brian May, na wale vimalaika ni Mashuke, nyota ya Freddie mwenyewe, wawili maana nafasi ilikuwa inadai pande zote zilingane. Yaani bendi ambayo haina hata hela ya mafuta ya gari tayari ina ngao kama ya ufalme. Mtu aliyesoma grafiki ndo anafikiri hivyo, kwamba kabla hujasikika uonekane kama ulishakuwepo siku zote.

Na hakuishia kwenye karatasi. Kava ya albamu ya kwanza aliifanya pamoja na Brian May na mpiga picha wao Douglas Puddifoot. Albamu ya pili, 1974, mpiga picha Mick Rock aliwaletea picha ya zamani ya mwigizaji Marlene Dietrich, uso umeangaziwa kutoka juu, mikono kifuani, giza pembeni, wakaitengeneza upya kwa sura nne za bendi, na mwaka uliofuata picha ile ile ikapata uhai kwenye video ya "Bohemian Rhapsody". Kwenye albamu hiyo ya pili kuna wimbo mzima ambao Freddie ameutoa kwenye mchoro mmoja wa mafuta wa Richard Dadd, mchoraji wa karne ya 19 aliyekuwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mchoro wenyewe uko kwenye makumbusho ya sanaa ya Tate kule London, umejaa viumbe vidogo vidogo kwenye majani mpaka jicho linachoka. Wimbo nao uko hivyo hivyo, umejaa, unakimbia, kila kona kuna kitu. Huo ni mchoro unaoimbwa.

Jukwaani je? Ile stendi ya maiki iliyokatika. Ilianza kama ajali, stendi nzito ilimkatikia mkononi enzi za mwanzo mwanzo akaendelea na kile kipande. Mtu mwingine angeomba aletewe stendi nyingine nzima kwa shoo inayofuata. Yeye akaona mstari. Kile kijiti kinaongeza mstari mmoja kwenye mwili, ukiuelekeza juu, ukiuweka begani, ukiupiga kama gitaa, hata aliyekaa jukwaa la mwisho kabisa kule nyuma anajua yule pale ni nani na anafanya nini. Tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid uwanja wa Wembley London, watu zaidi ya elfu sabini, yeye kavaa fulana nyeupe isiyo na mikono na jinzi ya rangi ya maji, basi, na dakika kama ishirini zile mpaka leo ukionyeshwa kivuli chake tu unamtambua. Zima sauti ya ile video siku moja uitazame hivyo hivyo bubu, utaona mtu anachora.

Kwa hiyo hakuitupa, aliihamisha kutoka mezani ikaingia kwenye bendi. Hilo ndo ningependa wenzako walisikie.

Ila nikupe na upande wa pili ili usiseme mwalimu kanipendelea. Wapo waliochagua kweli kweli. Don Van Vliet, yule aliyejulikana kama Captain Beefheart, Mmarekani, kaimba na kutunga muziki wa ajabu mno miaka na miaka, 1982 akatoa albamu ya mwisho, akafunga, akaenda kuwa mchoraji mpaka alipofariki 2010, na picha zake zimetundikwa kwenye nyumba za sanaa kubwa New York. Hakurudi. Kwa hiyo kuacha kimoja si dhambi, ila angalia aliacha akiwa na umri gani na akiwa ameshafanya nini, hakuacha mwaka wa pili kwa sababu mpiga besi kasema.

Kwako wewe, kwa macho yangu ya nje, hesabu iko hivi. Ukiacha chuo sasa unapata masaa mengi zaidi ya mazoezi, ambayo kwa koo hilo huwezi kuyatumia. Ukibaki unakosa baadhi ya shoo za katikati ya wiki, inauma, najua, na kuna uwezekano bendi ikakuchoka. Kuna njia ya tatu ambayo huwa naona inafaa zaidi ingawa si rahisi, nayo ni kuufanya muziki uwe kazi yako ya chuo: kazi za darasani unazopewa, bango, kava, herufi, mfululizo wa picha, zifanye kuhusu bendi yenu. Muulize mwalimu wako kwanza, wengine hawapendi. Na ongea na ofisi ya wanafunzi kuhusu kuahirisha kabla hujafikiria kuacha, maana kuahirisha mlango unabaki umeegeshwa, kuacha unafungwa.

Haya, meno.

Freddie alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yakasukuma ya mbele nje. Hela alipata za kuyarekebisha mara mia na hakuyagusa kwa sababu alihofia sauti. Hofu yake ilikuwa ya kweli, ni haki yake, ila hofu ya mwimbaji si ushahidi. Sauti inazaliwa chini, kwenye kongomeo, pale ambapo kidole chako kinahisi mtikisiko ukisema "mmm". Pale kuna nyuzi mbili za sauti, vimikunjo laini vyenye unyevu, vifupi kuliko kiungo cha kidole gumba, hewa ya mapafu ikipita zinagongana na kuachana mamia ya mara kwa sekunde. Urefu wa noti, juu au chini, unaamuliwa hapo. Baada ya hapo koromeo, ulimi, taya na midomo zinaipa sauti rangi. Meno ya mbele yanahusika na "s", na "f", na "th", basi. Ukiwekwa waya wiki za mwanzo utajisikia una mahindi mdomoni na "s" zitapiga miluzi, mdomo wa ndani utachubuka kidogo, kisha utazoea. Oktava haziishi kwenye meno. Kama meno yanakusumbua kutafuna au kuyasafisha, msikilize daktari wa meno, ila mwambie unaimba ili mpange muda. Kama hayakusumbui na unayapenda yalivyo, yaache kwa sababu unayapenda. Hayo ndo maamuzi mawili halali, la mpiga besi silioni.

Na hizo oktava nne nazo. Mwaka 2016 timu ya watafiti wa Ulaya ilichapisha uchambuzi wa sauti ya Freddie kutoka kwenye rekodi na mahojiano yake. Hawakuweza kuzithibitisha oktava nne, walichokipata ni kama nusutoni 37 (nusutoni ni hatua ndogo ya noti, kumi na mbili zinafanya oktava moja), yaani oktava tatu na kidogo, ambayo bado ni kubwa sana usiidharau. Lililonifurahisha zaidi ni sauti yake ya kuongea: wastani wa mtikisiko 117 hivi kwa sekunde, ambayo ni sauti ya baritoni, sauti ya mwanaume wa kawaida anayeagiza chai. Yaani alikuwa mtu wa chini aliyejifunza kuimba juu. Ule mtetemo wake kwenye noti ndefu ulikuwa unakwenda kasi kuliko waimbaji wengi, mara kama saba kwa sekunde, ndo maana ukimsikia sekunde mbili tu unajua ni yeye.

Halafu ule mkwaruzo, ule unaoutafuta wewe. Watafiti hao walimchukua mwimbaji wa rock aige sauti ya Freddie wakampiga picha kooni kwa kamera inayochukua zaidi ya picha elfu nne kwa sekunde. Wakaona kwamba kwenye ule mkwaruzo si nyuzi za chini peke yake zinazotikisika, mikunjo ya juu yake, ile ambayo kazi yake ya kawaida ni kuziba njia ukimeza, nayo inaingia kwenye mdundo, kila mitikisiko mitatu ya chini mmoja wa juu. Unaelewa maana yake? Ule si ukelele. Ule ni mdundo wa pili juu ya sauti ambayo chini imetulia. Wewe na vijana wengi mnaoniandikia mnafanya kinyume, mnabana shingo, mnasukuma hewa nyingi, nyuzi zinagongana kama milango kwenye upepo wa kusi, na mkwaruzo mnaousikia ni wa uvimbe. Mwanzoni unafanana kabisa na ule wa Freddie, hapo ndo mtego ulipo. Tofauti ni kwamba wa fundi unakwisha wimbo ukiisha, wako unaamka nao asubuhi.

Na hata fundi alilipa. Mwaka 1975 wakiwa kwenye ziara Marekani koo lilimgomea, madaktari wakashuku vinundu kwenye nyuzi za sauti, shoo kadhaa zikafutwa, na vinundu viliendelea kumsumbua miaka ya baadaye. Sikiliza rekodi za shoo zake za miaka ya themanini ufananishe na za studio, noti nyingi za juu anazishusha, anatunga melodia nyingine ya chini palepale, watu wanaimba zile za juu badala yake, hakuna anayelalamika. Ile sehemu ya opera kwenye "Bohemian Rhapsody", sauti nyembamba kabisa kule juu ni ya Roger Taylor, na zimepandishwa sauti juu ya sauti studioni mpaka utepe ukaanza kuchakaa. Jukwaani hawakuiimba, walikuwa wanatoka wanaacha utepe unapiga. Sasa ninyi wanne kwenye chumba cha mazoezi kisicho na dirisha, spika moja, mpiga ngoma hana huruma, unataka koo lako moja lifanye kazi ambayo Queen wenyewe waliikimbia. Shusheni ki ya nyimbo, yaani ngazi mnayoimbia, nusutoni mbili tatu, gitaa lirekebishwe, kwisha. Na tafuteni hata spika ndogo ikuelekee wewe, mtu asiyejisikia lazima apige kelele.

Turudi kwenye wiki zako tano. Sauti ikikauka kwa mafua au kwa kushangilia mpira inarudi ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita wiki tatu nne lazima mtu aangalie kwa macho, na kwa anayetumia sauti kama wewe, au mwalimu, au muadhini, au mchungaji, hata kabla ya hapo. Siwezi kukwambia una nini kwa kusoma barua na mwingine yeyote asikwambie. Inaweza kuwa vinundu, inaweza kuwa uvimbe tu, tindikali ya tumbo inayopanda usiku (unakula chipsi saa sita ukitoka shoo?), mzio, au kitu kingine. Daktari wa masikio, pua na koo atakupitishia kamera nyembamba puani, waya kama wa earphone, dawa ya ganzi kidogo, macho yanatoka machozi, dakika chache umemaliza na utaziona nyuzi zako mwenyewe kwenye kioo, nyeupe kama lulu zikiwa nzima. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili wana idara hiyo, na ukiwa nyumbani ulizia Mnazi Mmoja.

Wakikwambia ni vinundu usianze kulia. Vingi vinapungua bila kisu, kwa kupumzika na kujifunza upya namna ya kutoa sauti, kuna wataalamu wa tiba ya sauti na usemi, ni wachache huku kwetu ila wapo, muulize daktari akuelekeze. Operesheni haiwi ya kwanza. Na kama wakati unasubiri miadi ukaanza kupumua kwa shida, au kukohoa damu, au kumeza kunauma mpaka sikioni, au kuna uvimbe shingoni, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Tangawizi na asali kunywa kama unapenda, inatuliza koromeo na inafariji. Ila jua kinachomezwa kinapita nyuma ya kongomeo, kwenye umio, hakigusi nyuzi za sauti hata tone. Kingegusa ungepaliwa ukakohoa mpaka ukalia. Yai bichi acha kabisa, faida hakuna na linaweza kukupa ugonjwa wa tumbo bure. Kinachozisaidia ni maji ya kutosha siku nzima, mvuke wa maji moto, kulala, kutovuta sigara wala shisha, na kunyamaza. Na kunyamaza si kunong'ona. Kunong'ona kwa nguvu kunabana koo vilevile, bora uongee polepole kwa sauti yako ya chini. Mimi mwenyewe ujanani nilinong'ona wiki mbili nikidhani napumzika, ilinichukua miezi kurudi, na aliyenishauri alikuwa mtu wa kanisani mwenye nia njema kabisa.

Mama sasa. Hapa nakuomba uwe mpole. Freddie alikufa tarehe 24 Novemba 1991 akiwa na miaka 45, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI, na maisha yake ya mapenzi watu wa kwetu wengi hawayakubali, hilo unalijua vizuri kuliko mimi. Mwaka 2006 pale Unguja kulipangwa sherehe ya kutimiza miaka 60 ya kuzaliwa kwake, kikundi cha dini kikapinga, ikafutwa. Tangu 2019 kuna makumbusho yake pale Shangani, barabara ya Kenyatta, watalii wanapiga foleni. Kisiwa ni kile kile. Mama yako haoni chuo cha Ealing wala ngao yenye simba, anaona mwanawe anafuata jina lenye maneno. Usibishane naye kuhusu marehemu. Mwonyeshe kazi zako, mwambie unasoma na hutaacha, na nahisi hofu yake nusu iko hapo hapo kwenye kuacha. Halafu mwambie una miadi ya daktari wa koo, atakusindikiza huyo, mama ni mama.

Nimebakiza nembo. Umesema wameikataa kwa kuwa ina mambo mengi. Ya Freddie nayo ina wanyama wanne na vimalaika wawili, kwa hiyo wingi si kosa. Kosa huwa pale ambapo ukiipunguza haibaki kitu. Ya Queen ukiiondolea simba, kaa na ndege, inabaki Q na taji, bado unaijua. Wikiendi hii ambayo huimbi, ichapishe nyeusi na nyeupe, ukubwa wa stempu, uibandike ukutani usogee hatua sita. Kinachoonekana kutoka hapo ndo nembo yenu, vingine vyote ni mapambo yake, wawekee wenzako zote mbili mezani. Na mimi nitumie, hata kabla hujapata majibu ya kamera.